Uzi: Mwaka mmoja tangu kimbunga Chido. Mdogo wangu alikuwa Mayotte, na bado kuna mambo Bukavu hatujayaelewa

Dada_Kadutu (mwanzisha uzi)

Wandugu, habari za jioni. Miaka yote humu nasoma tu. Leo naandika kwa sababu tarehe 14 Desemba imenirudia mwilini.

Mwaka 2024 ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimepanga sambaza zangu, samaki wadogo wa ziwani, mezani, sokoni Kadutu, mteja mmoja akawa anasikiliza habari kwa Kifaransa kwenye simu yake. Nikasikia neno Mayotte, halafu kimbunga. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anaishi Kawéni, kwenye mlima ulio juu ya mji wa Mamoudzou, ndani ya nyumba ya manjanja, yaani mabati, aliyoipigilia kwa mikono yake. Nilimwacha mteja na pesa yake mkononi, nikapiga. Simu haikuita. Haikuita kwa siku sita.

Kwa wasiojua: Mayotte ni visiwa viwili vikubwa na vingine vidogo, kati ya Msumbiji na Madagaska. Ni ndugu na visiwa vya Komoro, ila Komoro ilipopata uhuru mwaka 1975 Mayotte ilibaki kwa Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Eneo lote ni kilomita za mraba 374 tu. Ndiyo maana watoto wetu wanaenda kule. Wanateremka Uvira, wanavuka Kigoma, wanafika Dar es Salaam, wanatafuta njia ya bahari hadi Komoro, kisha kutoka kisiwa cha Nzwani wanapanda usiku mtumbwi wa mota unaoitwa kwassa, kama kilomita 70. Mdogo wangu aliniambia wiki ya pili alikuwa anaelewa Kimaore, maana ni ndugu ya Kiswahili chetu.

Nataka kueleza jinsi kile kimbunga kilivyokuja, na kwa nini watu waliokuwa wameonywa walikufa. Nitaandika kwa vipande kwa sababu kura, yaani umeme, inakatika.

---

Dada_Kadutu

Naendelea.

Chido hakikuzuka ghafla. Kilianza kama mawingu yaliyovurugika mbali sana mashariki, katikati ya Bahari ya Hindi, siku za kwanza za Desemba. Kituo cha hali ya hewa kilichoko kisiwa cha Réunion ndicho kinachofuatilia vimbunga vya upande wetu wa bahari, nacho kilikuwa kinakiangalia. Kilipofikia nguvu ya kupewa jina kikaitwa Chido, jina lililotolewa na Zimbabwe, neno la Kishona. Baada ya hapo kikapanda haraka sana. Ndani ya siku mbili hivi kilikuwa tayari kimbunga kikali, na tarehe 11 kikapita juu ya Agaléga, visiwa viwili vidogo vya Mauritius.

Agaléga ina watu kama 300. Waliingizwa wote ndani ya majengo imara kabla upepo haujafika. Nyumba ziliezuliwa, minazi ikalala chini, lakini hakuna aliyekufa. Naomba mkumbuke hili, nitalirudia.

Kisha kikapita baharini, kaskazini kidogo ya ncha ya Madagaska. Vimbunga vingi vinavyotoka mashariki hugonga Madagaska kwanza, milima ya kule inavivunja nguvu, ndiyo maana wazee wa Mayotte walikuwa wanasema kisiwa kikubwa ni ukuta wao. Chido kiliupita ukuta pembeni. Asubuhi ya tarehe 14 kikaingia kaskazini mwa Grande-Terre, kisiwa kikuu cha Mayotte, na nguvu yake yote. Uwanja wa ndege wa Pamandzi ulipima upepo wa kilomita 226 kwa saa. Wataalamu walisema Mayotte haikuona kitu cha namna hiyo kwa miaka 90.

---

Mtoto_wa_Bagira

Pole sana dada. Swali la mjinga: ziwa letu linaweza kuleta kitu kama hicho? Mwezi uliopita upepo ulibeba paa la kanisa kwetu, watu wakasema ni kimbunga.

---

Mwalimu_Himbi (Goma)

Mtoto wa Bagira, swali lako si la mjinga, wanafunzi wangu wanaliuliza kila mwaka.

Hapana, Kivu haiwezi. Kimbunga cha bahari kinakula joto. Kinahitaji maji yenye nyuzi 26 au 27 na kuendelea, na si juu tu, joto lishuke makumi ya mita chini, kwenye eneo la mamia ya kilomita. Maji yanageuka mvuke, mvuke unapanda, ukifika juu unakuwa tena matone na kuachia joto lote uliokuwa umelibeba. Lile joto linasukuma hewa kupanda zaidi, chini panabaki pengo, na hewa ya pembeni inakimbilia kulijaza. Mashine inajilisha yenyewe mradi iko juu ya maji ya moto.

Sasa, ile hewa inayokimbilia katikati haiendi moja kwa moja. Mzunguko wa dunia unaipinda. Upande wetu wa kusini inazunguka kama mshale wa saa. Lakini karibu na Ikweta kule kupinda ni dhaifu mno, na Bukavu iko kama digrii mbili na nusu tu kusini. Hata tungekuwa na bahari badala ya ziwa, dhoruba isingepata mzunguko. Ule uliobeba paa lenu ni upepo wa mvua ya radi: unashuka kwa nguvu kutoka kwenye wingu, unapiga dakika chache, unakwisha. Kimbunga kinapiga kwa saa nyingi, na jicho lake likipita juu yenu mnapata utulivu, hata jua, halafu upepo unarudi kutoka upande wa pili. Wengi wanafia hapo, wametoka nje wakidhani imeisha.

Dada, endelea tafadhali. Mdogo wako alikuwa wapi?

---

Dada_Kadutu

Asante mwalimu.

Ijumaa jioni simu zote za Mayotte zililia king'ora, redio ikasema, magari ya komini yakapita na vipaza sauti. Saa nne ya usiku onyo likawa jekundu. Asubuhi saa moja likawa la zambarau, ambalo ni la mwisho: hakuna mtu kutoka nje, hata waokoaji. Shule na majengo ya umma yalifunguliwa mapema ili watu waingie.

Mdogo wangu hakwenda.

Niliposikia hivyo baadaye nilimgombeza kwa simu, nikilia. Akanijibu: "Yaya, wewe hujui kuishi bila dokima," yaani karatasi za ukaaji. Akanieleza. Kule polisi wa mipaka wanakamata watu njiani kila siku. Mtu anakamatwa asubuhi ameenda kununua mkate, jioni yuko kwenye boti anarudishwa Nzwani. Sasa watu walewale wenye mavazi ya serikali wanakuja na kipaza sauti wanasema njooni wote mkusanyike shuleni. Kwenye mlima wao maneno yalizunguka usiku ule kwamba ni mtego. Wengine waliogopa wezi. Manjanja, godoro, jiko la gesi na bidoni za maji ndiyo mali yote ya mtu, ukiiacha huikuti. Na vijana wengi walikuwa hawajaona kimbunga maishani mwao, kwa hiyo king'ora kililia na wao wakasikia kelele tu.

Alitoka alfajiri kwa sababu ya mama mmoja jirani, Mkomoro mzee, aliyekumbuka kimbunga Kamisy cha mwaka 1984. Yule mama alisimama mlangoni kwake akakataa kuondoka mpaka kijana avae viatu. Walishuka hadi msikiti wa zege, wakakuta watu wamejaa hadi ngazini. Alinieleza sauti tu. Hakuona chochote, alisikia sauti kama lori linalopanda bila kubadilisha gia, saa baada ya saa, na katikati yake manjanja yanakwaruza kuta za msikiti kama kucha.

Walipofungua mlango, mlima haukuwa na nyumba. Haukuwa na jani pia. Miembe, mishelisheli, migomba, milangilangi, vyote vilibaki vijiti. Alisema kilichomtisha zaidi ni kwamba aliweza kuona mbali: nyuma ya mlima wao aliona mlima mwingine ambao miaka miwili hakuwahi kujua upo.

---

Fundi_Sharpanti (Essence, Bukavu)

Mimi ni fundi wa paa, niwaambie kwa upande wa kazi.

Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inaongezeka mara nne, haiendi sawasawa. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ndio ule unaotufanya tukimbie kuanua nguo. Ule wa 226 unasukuma kama mara 14 ya huo. Na paa halisukumwi tu. Upepo unaopita juu yake unalivuta kwenda juu, na unaoingia chini ya ukingo au kupitia dirisha lililovunjika unalisukuma kutoka ndani. Misumari inang'oka mmoja mmoja, ukitoka wa pembeni wa jirani yake anabeba mzigo wa wawili.

Nyumba za manjanja kule, kama zetu za mbao, zinasimama kwa uzito wake tu. Nguzo imechomekwa udongoni kidogo, bati limepigiliwa kwenye mti mwembamba, mawe yamewekwa juu. Ili paa libaki linatakiwa lifungwe: bati kwenye boriti, boriti kwenye sharpanti (fremu ya mbao ya paa), sharpanti kwenye ukuta kwa ukanda wa chuma, ukuta kwenye msingi. Pakikosekana kiungo kimoja vyote vinaondoka. Na bati likishaondoka ni panga linaloruka. Nimeshona kidole changu mara mbili kwa bati lililoteleza kutoka mikononi mwangu, bila upepo wowote.

---

Wa_Kamalondo (Lubumbashi)

Samahani nikiuliza kwa ukali kidogo. Walionywa siku nzima kabla. Majengo yalifunguliwa. Hapa kwetu serikali ingewaonya namna hiyo tungeshukuru. Kama mtu amekataa kwenda, kosa si la upepo wala la serikali. Nawapa pole, lakini tuseme ukweli.

---

Mama_wa_Kalehe

Baba wa Lubumbashi, mimi ni wa Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko kule Nyamukubi. Mvua ilinyesha milimani, mito ikashuka na mawe na miti, ikapita juu ya Bushushu na Nyamukubi. Waliookotwa wamekufa walipita 400, na waliopotea hatujui idadi yao mpaka leo. Hakuna king'ora, hakuna gari la kipaza sauti, hakuna hata mtu wa kutupigia filimbi. Kwa hiyo ukisema tungeshukuru, ni kweli, ningeshukuru.

Lakini nakuambia pia hili. Baada ya ile siku walikuja watu wa ofisi wakatuambia tuhame kutoka kandokando ya mto. Wengine hawakuhama. Si kwamba ni wajinga. Waliuliza: tunahamia wapi, shamba langu nani ananipa lingine? Hawakupata jibu. Mtu akikuambia ondoka na hasemi uende wapi, unabaki ulipo.

---

Dada_Kadutu

Mama, umenisaidia kusema kitu ambacho kimenikaa kooni mwaka mzima.

Wa Kamalondo, sikukasirikii, mimi mwenyewe nilimwambia mdogo wangu maneno hayohayo. Ila rudi Agaléga. Watu 300, wote wanajuana, anayekuja kugonga mlango unamjua jina na baba yake. Wote waliingia, wote wakapona. Mayotte ina zaidi ya watu 320,000 kwa hesabu ya serikali, na kama theluthi moja wanaishi kwenye nyumba za manjanja. Onyo lilifika hadi mlima wa mwisho. Imani ndiyo haikufika. Huwezi kumfukuza mtu miezi kumi na moja halafu mwezi wa kumi na mbili umwambie nifuate nikuokoe, naye akuamini kwa usiku mmoja.

Kuna jambo la uwanja wa Cavani linaloniuma. Pale Mamoudzou, watu wa Afrika bara, wengi wao kutoka Maziwa Makuu, walikuwa wamepiga vibanda vya shitingi kuzunguka uwanja wa michezo wakisubiri hifadhi. Mwanzoni mwa 2024 walibomolewa na kuondolewa. Mdogo wangu alilala pale wiki kadhaa, ndipo akapanda Kawéni. Desemba hiyohiyo, baada ya Chido, hospitali ya muda ya mahema ilijengwa kwenye uwanja uleule, kwa sababu hospitali kubwa ya mji ilikuwa imeharibika. Alienda pale kufungwa jeraha la mguu, alikuwa amekanyaga msumari akitafuta vitu vyake. Akaniambia daktari alikuwa mpole sana, hakumuuliza dokima.

---

Mwalimu_Himbi

Na idadi ya waliokufa, dada? Siku zile niliona taarifa za maelfu.

---

Dada_Kadutu

Mwalimu, hapa nitaandika kwa uangalifu.

Kesho yake gavana wa Ufaransa kule alisema huenda wamekufa mamia, labda wanakaribia elfu moja, labda hata maelfu. Dunia nzima ikashika hiyo. Baadaye wakapita kuuliza kijiji kwa kijiji, na hesabu rasmi ikaishia watu 40 waliokufa na wengine kama 40 waliopotea. Msumbiji, ambako kiliingia tarehe 15 karibu na Pemba, walihesabu 120. Malawi 13.

Mdogo wangu anasema hakuona maelfu. Mimi nitasimama na aliyoyaona yeye. Anasema pia kwamba Waislamu wa kule wanazika haraka kama dini inavyotaka, na siku zile barabara zilikuwa zimefungwa na miti, simu zimekufa, watu walizika pale walipo. Na mtu aliyefika mwezi uliopita kwa kwassa, analala peke yake, hakuna jirani anayejua jina lake kamili, nani atakwenda kusema kwamba hayupo? Familia yake iko Walungu au Shabunda, inasubiri simu. Siongezi namba yoyote juu ya ile ya serikali. Nasema tu kwamba nilipokuwa sokoni siku zile sita, hakuna aliyekuwa ananitafuta mimi kuniuliza kama nina mtu kule.

Alipiga Ijumaa, tarehe 20, kwa simu ya mtu. Alikuwa na dakika mbili. Aliuliza mama amelala wapi, maana alijua mama ana presha. Mama alikuwa chini sakafuni kwa sababu alikuwa amekataa kitanda tangu Jumamosi, kama yuko kwenye matanga.

---

Mtoto_wa_Bagira

Na maisha baada ya hapo? Walijenga wapi?

---

Dada_Kadutu

Palepale, ndani ya siku chache. Waliokota manjanja yaliyokunjamana, wakayanyoosha kwa mawe, wakapigilia tena. Mvua ya Januari ilikuwa inakuja, wangefanyaje? Serikali ikaweka sharti kwamba anayenunua bati jipya aonyeshe kitambulisho na uthibitisho wa makazi, ili vibanda visirudi. Vibanda vilirudi kwa bati la zamani lenye matundu. Fundi Sharpanti anaweza kueleza kuliko mimi bati la namna hiyo litafanya nini siku nyingine.

---

Fundi_Sharpanti

Litaondoka na upepo wa nusu ya ule. Bati lililokwisha kukunjwa limechoka, na tundu la msumari wa zamani halishiki msumari mpya. Kama unamnyima mtu bati zima hatalala nje, atalala chini ya lililooza. Mimi ningewapa bati na ukanda wa chuma, na fundi mmoja kila mtaa wa kuwafundisha kufunga.

---

Dada_Kadutu

Ndiyo, fundi. Na halikukaa sana. Tarehe 12 Januari 2025 kimbunga kingine, Dikeledi, kilipita kusini mwa kisiwa. Upepo haukuwa kama wa Chido, lakini mvua ilimwagika juu ya nyumba zisizo na paa na milima isiyo na majani. Udongo wote mwekundu ukateremka barabarani na kuingia baharini, kwenye yale matumbawe ambayo mawimbi yalikuwa yameyavunja mwezi uliopita. Wavuvi walikuwa wanalia hilo. Mashamba ya ndizi na muhogo yalikuwa yamekwisha, na ndicho chakula cha wasio na mshahara. Maji ya bomba yalikuwa tatizo hata kabla, walikuwa wanakatiwa siku nzima kwa zamu. Baada ya Chido walikunywa mtoni, mwaka uleule ambao kipindupindu kilikuwa kimepita. Popo wakubwa na komba waliingia mjini kutafuta matunda kwenye takataka. Mdogo wangu alikuwa anamgawia komba mmoja ganda la ndizi, ndizi yenyewe anakula yeye.

Bado yuko kule. Bukavu ya mwaka huu wa 2025, vita vilipoingia mjini, kila mmoja anajua tulivyopita, sina mdomo wa kumwambia rudi nyumbani.

---

Wa_Kamalondo

Dada, nimesoma yote. Naondoa neno langu la kosa. Hapa kwetu pia kuna watu wakiona gari la serikali wanafunga mlango, hata kama limeleta chanjo. Sikuwa nimeunganisha.

---

Mama_Panzi

Wanangu, nisameheni, sijui kuandika vizuri, mjukuu ananisaidia.

Mimi pia nina mtoto Mayotte. Alinipigia Alhamisi, tarehe 12 Desemba 2024, akasema mama niombee kuna upepo unakuja. Tangu siku hiyo sijasikia sauti yake. Mwaka mzima. Watu wa nyumbani wananiambia amepoteza simu, au amekwenda Ufaransa. Mwingine ananiambia niweke matanga. Siwezi kuweka matanga ya mtu ambaye sijui. Huyu dada anasema hakuna aliyeulizwa. Ni kweli, mimi sijaulizwa. Niende wapi?

---

Dada_Kadutu

Mama yangu. Shikamoo.

Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta watu waliopotezana na familia, huku na kule, na hawatoi habari zako kwa polisi. Watakuuliza jina lake lote, jina la baba na la mama, mwaka aliozaliwa, siku ya mwisho mliyoongea, mtaa aliokuwa anakaa, na kama una picha. Usiandike jina lake hapa, nitumie kwa faragha. Mdogo wangu naye nitampa, ataulizia kwa watu wa Kivu walioko kule, wanajuana kwa makabila na kwa makanisa.

Unakumbuka alikuwa anakaa mtaa gani?

---

Mama_Panzi

Alikuwa anasema Mtsapéré. Mjukuu amelitafuta kwenye simu akanionyesha, lipo. Picha ninayo, ya siku aliyopata diploma, amevaa koti la baba yake.

---

Dada_Kadutu

Ilete hiyo. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakusubiri pale soko ya Nyawera, upande wa wauza nguo, nitakuwa na kitenge cha kijani. Tutakwenda wote.